SOMO LA AFYA: Jinsi Kirusi cha Korona Kinavyoikwepa Kinga ya Mwili



Tangu janga la UVIKO-19, wanakamati wa sharika wamekuwa wakiuliza: iliwezekanaje mtu asiye na dalili yoyote ahudhurie ibada, kumbe anawaambukiza wazee? Jibu liko katika kinga ya asili.

Kinga ya asili ni nini?
Ni ulinzi tunaozaliwa nao. Seli ya pua au mapafu ikiingiliwa na kirusi, huitambua RNA yake kuwa ni ngeni na kutoa protini iitwayo interferoni, ambayo huzionya seli jirani zijihami. Interferoni iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann.

Kirusi hufanya nini?
1. Hujificha. Huzaliana ndani ya vifuko vyenye utando wa tabaka mbili, RNA yake isionekane.
2. Hujifananisha. Huivika RNA yake kofia kama ya RNA yetu.
3. Hunyamazisha. Protini yake iitwayo Nsp1 huziba ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kutengeneza protini, hivyo interferoni hupungua.

Matokeo yake
Onyo likichelewa, kirusi huongezeka kimyakimya. Mtu huweza kuambukiza wengine siku 1 hadi 2 kabla ya kujisikia vibaya. Baadaye kinga huweza kuamka kwa nguvu kupita kiasi na kuumiza mapafu.

Kwa baadhi ya watu onyo hilo ni dhaifu tangu mwanzo. Mwaka 2020 watafiti walipima wagonjwa 987 wenye nimonia kali ya UVIKO-19, wakakuta 101 wana kingamwili zinazoshambulia interferoni yao wenyewe. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kingamwili hizo huongezeka sana baada ya umri wa miaka 70.

Tufanye nini?
Dharura ya kimataifa ilitangazwa kwisha Mei 2023, lakini kirusi bado kipo. Hivyo basi, tusingoje kikohozi ndipo tuchukue hadhari. Madirisha ya kanisa yafunguliwe. Aliyekaa karibu na mgonjwa aahirishe kuwatembelea wazee kwa siku kadhaa. Wazee wahimizwe kupata chanjo, kwani huiandaa mapema kinga ya kujifunza, isiyotegemea onyo hilo peke yake. Kuwalinda wazee ni sehemu ya diakonia yetu.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini kutokuwa na dalili si uthibitisho kwamba mtu hajaambukizwa?
2. Kamati yetu itabadilisha nini katika ratiba ya kutembelea wazee?