Moto Mmoja, Mali Mbili: Tugawe Gharama Vipi?



Mwezi huu tujifunze kupanga bei pale moto mmoja unapotoa stima na joto pamoja. Injini ya stima hupoteza joto jingi kupitia moshi na maji ya kuipoza. Hapa Thika, mtambo wa Thika Power wa megawati 87 ulijengwa kuchoma mafuta mazito, na joto la moshi wake huchemsha maji. Mvuke wake huzungusha mashine nyingine ya stima. Kule Mumias, kuanzia mwaka 2009, kiwanda cha sukari kilichoma makapi ya miwa, kikatumia mvuke kupikia sukari na stima ya ziada kikaiuzia gridi ya taifa.

Sasa tuchukue mfano wetu. Kikundi kina injini ya gesi ya kinyesi cha ng'ombe. Gharama ya mwezi ni sh. 7,200. Kinapata yuniti 200 za stima, na yuniti 400 za joto katika maji moto ya kuoshea mikebe ya maziwa. Tuseme yuniti ya stima ya kawaida ni sh. 30, na joto kama hilo kwa kuni ni sh. 5.

Njia ya kwanza: gawa kwa yuniti zote 600. Kila moja ni sh. 12. Inaonekana ni haki, sivyo? Lakini nani atanunua joto kwa 12 na kuni ni 5? Maji moto yatamwagwa, na stima peke yake ibebe gharama yote: sh. 36 kwa yuniti. Hapo hata wa stima watahama.

Njia ya pili: angalia kila mnunuzi angelipa nini kwingine. Stima 200 x 30 ni sh. 6,000. Joto 400 x 5 ni sh. 2,000. Jumla 8,000. Gharama yetu ni asilimia 90 yake. Basi stima iwe sh. 27 na joto sh. 4.50. Tunapata 5,400 na 1,800, yaani 7,200 kamili, na kila mtu amepunguziwa.

Lakini kumbukeni: kuni zikishuka bei, hesabu ifanywe upya. Na kama gharama ingepita sh. 8,000, hakuna mgawo ungeokoa mradi.

Ya kujadiliana:
1. Katika mradi wenu, ni kitu gani kinachotupwa ambacho kingeuzwa?
2. Jirani hulipa ngapi kukipata kwingine?
3. Nani ataandika hesabu kila mwezi, na nani ataikagua?