Jina la Zamani Si Aibu

Neno la kwanza uliloandika katika darasa la kisomo lilikuwa lipi? Kwa wengi wetu lilikuwa jina letu. Kabla ya siku ile tulikuwa tunaweka dole gumba tu.

Lakini wako wenzetu waliofurahi nusu. Majina yao ni ya zamani. Yakiitwa kwa sauti, vijana wanacheka: "Hee, jina la bibi hilo!" Mwenye jina anainama.

Majina hayo yalitoka wapi?

Wazee wetu Wagogo walimpa mtoto jina la babu au bibi. Au walimpa jina la jambo lililotokea alipozaliwa: mvua, njaa, safari. Miaka ya 1870 wamisionari walifika Mpwapwa. Baadaye watu wengi walibatizwa, wakaitwa Yohana, Petro au Maria. Wengine walichukua majina ya Kiislamu. Jina la nyumbani likasogezwa nyuma, likawa jina la baba au la ukoo.

Tazama jina Matonya. Kwa Kigogo, kutonya ni kunyesha kwa mvua. Huku kwetu mvua ni chache, kwa hiyo jina hilo ni la heri. Lakini mzee mmoja mwenye jina hilo alijulikana sana Dar es Salaam kwa kuomba barabarani. Magazeti yakamwandika. Basi watu wasiojua Kigogo wakaanza kumwita kila ombaomba "Matonya". Jina la mvua likageuzwa kuwa tusi. Je, kosa ni la jina? Hapana. Kosa ni la ulimi wetu.

Sasa tazama upande wa pili. Mazengo wa Mvumi alikuwa mtemi wa Wagogo. Shule ya sekondari ya Alliance hapa Dodoma ilibadilishwa jina, ikaitwa Mazengo. Naye Hukwe Zawose, mpiga zeze na ilimba, alisafiri Ulaya na Marekani kwa jina lake lile lile. Alifariki mwaka 2003. Wageni ndio waliojifunza kulitamka!

Shida ya kuandika

Majina ya Kigogo yana sauti ambazo Kiswahili hakina. Hata jina la mahali kama Ng'hong'onha linaandikwa kwa namna nyingi. Sembuse jina la mtu?

Mama mmoja tunayemfahamu alifiwa na mumewe. Alipofuata fedha za marehemu aliambiwa, "Jina la kwenye cheti cha ndoa silo la kwenye kitambulisho." Tofauti ilikuwa herufi moja tu: huku "Nh", kule "N". Alikwenda na kurudi miezi minne, nauli ikamwishia. Karani aliandika alivyosikia, naye mama wakati ule hakujua kusoma. Leo anajua. Karatasi haitoki mezani kabla hajaisoma.

Tufanye nini?

1. Tuchague namna moja ya kuandika jina letu, tuitumie kila mahali.

2. Tusome jina kabla ya kutia sahihi. Likikosewa, tuseme pale pale.

3. Tukiona karatasi mbili hazifanani, tusingoje msiba. Twende kwa mtendaji wa kijiji atupe barua ya kututambulisha. Mara nyingi tutatakiwa pia kula kiapo cha maandishi mbele ya wakili au hakimu.

4. Tuwaeleze watoto maana ya majina yao. Mtoto anayejua kwamba jina lake ni mvua hatainama akichekwa.

Mtu akitaka kubadili jina, ni haki yake, na sheria ina njia yake. Lakini asilibadili kwa kuogopa kicheko. Kicheko kinapita, jina linabaki.

Maswali ya kujadiliana

1. Jina lako lina maana gani? Nani alikupa?

2. Kwa nini yule mama alicheleweshwa?

3. Leo jioni toa karatasi zako zote. Je, jina lako limeandikwa sawasawa katika kila moja?