Kiboko wa sinema na kiboko wa ziwa

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward, ndani ya Parki ya Virunga. Huko mtoto mmoja alitazama sinema iitwayo Madagascar, iliyotengenezwa Marekani mwaka 2005. Asubuhi yake alimwona kiboko karibu na mitumbwi. Kiboko akainua kichwa, akafungua kinywa wazi kabisa. Mtoto akapiga kelele: «Babu, tazama! Anacheka kama Gloria!» Babu akamshika mkono, akamvuta nyuma upesi.

Gloria ni nani? Ni kiboko jike wa sinema ile. Anasimama kwa miguu miwili, anacheza ngoma, anasema kama mtu. Lakini Gloria si nyama wa kweli. Ni picha tu. Watu walizifanya kwa kompyuta, moja moja, kila picha ikiachana kidogo na ile iliyoitangulia. Picha 24 zinapita katika sekunde moja. Jicho haliwezi kuzitenganisha, kwa hiyo mtu anadhani kwamba Gloria anatembea. Sauti nayo ni ya mwanamke.

Kiboko wa ziwa ni mwingine kabisa. Dume ana uzito wa kilo 1,500, pengine zaidi. Meno yake marefu ya chini yanaweza kufika santimita 50. Mchana anakaa majini, usiku anatoka kula majani. Hata kuogelea hasa haogelei: anatembea chini ya maji, akijisukuma kwa miguu. Tena akifungua kinywa namna ile, hacheki. Anaonyesha meno. Anasema: «Ondoka!» Asiyeondoka anaweza kuuawa, na mtumbwi wake kupinduliwa. Penye nchi kavu anakimbia kama kilometa 30 kwa saa, licha ya miguu yake mifupi. Kwa hiyo wavuvi hawasimami kamwe kati ya kiboko na maji.

Kuna kosa jingine. Wengine wanadhani kwamba nyama wote wa sinema ile ni wa Madagascar. Sivyo. Hadithi yenyewe inasema kwamba simba, punda milia, twiga na kiboko walitoka bustani ya wanyama ya New York, wakatupwa na bahari kisiwani. Porini Madagascar hakuna simba wala twiga. Viboko wadogo walikuwako zamani, wakaisha miaka 1,000 hivi iliyopita. Lakini mfalme Julien, mwenye mkia wa pete nyeusi na nyeupe, ni mfano wa lemuri, na makao ya lemuri ni Madagascar kweli. Hata fosa, wale wakali wanaowawinda, wako huko. Wanafanana na paka mkubwa, kumbe ni jamaa ya nguchiro!

Wachoraji hawakukosa. Katika hadithi za jioni sungura anasema, na hakuna mtu anayengoja jibu la sungura wa shambani.

Babu na mjukuu wake walingoja mbali, nyuma ya mitumbwi. Kiboko akafunga kinywa, akazama. Mtoto akauliza: «Babu, sasa twende?»

«Bado,» babu akajibu. «Hatujaona atatokea wapi.»

Maulizo. Kwa nini kiboko alifungua kinywa? Nyama gani wa sinema ile wanaishi Madagascar kweli? Kwa nini babu hakutaka kwenda mara moja?