Kufundisha Habari za Wadudu Walao Wadudu katika Bustani ya Shule

Katika shule nyingi za msingi, somo la wadudu waharibifu wa mboga hufundishwa kwa orodha. Mwalimu huandika ubaoni majina ya wadudu wanne au watano, dalili za mashambulizi yao, kisha dawa ya kuwaua. Wanafunzi hunakili, na jioni hupelekwa bustanini kumwagilia maji. Orodha hiyo si ya uongo, lakini ina pengo kubwa: haimtaji hata mdudu mmoja alaye wenzake. Mwanafunzi aliyeikariri vizuri akimkuta lava wa mbawakawa wa madoa juu ya jani la kabichi, mweusi, mrefu, mwenye miguu sita na vijiiba mgongoni, atamponda kwa kidole bila kusita, akiamini kuwa ametimiza wajibu. Kumbe amemwua mdudu ambaye kwa siku moja angeweza kula makumi ya vidukari.

Lugha yetu nayo ina sehemu katika jambo hili. Neno "mdudu" katika mazungumzo ya kila siku huchukua kiwavi, kunguni, hata ugonjwa. Na sumu inyunyizwayo shambani huitwa "dawa", neno lile lile la kidonge kinachomponya mtoto. Mwalimu hana budi kuyafafanua maneno hayo mawili tangu siku ya kwanza. Wanachuo wangu huwashauri watumie neno "kiuatilifu" darasani, hata kama mitaani halijazoeleka.

Mambo ambayo mwalimu yampasa ayajue kwanza

Tuchukue kabichi na sukuma wiki, maana ndizo zilizomo katika bustani nyingi. Vidukari wa kabichi ni wa rangi ya kijivu, wamefunikwa unga kama nta, na hujazana chini ya jani. Panapo joto, jike huzaa watoto walio hai bila ya dume, na watoto hao huanza kuzaa wao wenyewe baada ya siku saba hadi kumi hivi. Mbawakawa wa madoa, ambaye ndiye mlaji wao mashuhuri, huhitaji wiki tatu au nne kutoka yai hadi kuwa mdudu kamili. Hapo ndipo penye siri ya somo zima. Mlaji huanza nyuma ya mliwaji. Ukinyunyiza kiuatilifu kinachoua wadudu wa kila aina, wote wawili hufa; vidukari wachache waliosalia hujaza bustani upya kabla mbawakawa hajarudi.

Wapo pia nyigu wadogo mno, wasiomdhuru mtu, ambao hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Kidukari huyo huvimba, hugeuka rangi ya kahawia na kukauka palepale alipo. Baadaye hubaki ganda lenye tundu la mviringo alimotokea nyigu mpya. Wengine hutaga ndani ya viwavi. Mfano mkubwa katika Afrika Mashariki ni ule wa nondo mgongo-almasi, ambaye viwavi wake hutoboa kabichi. Nondo huyu ni mgumu kushindwa kwa sumu: tangu mwaka 1953 iliripotiwa huko Java kwamba alikuwa haathiriwi tena na DDT. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kilianza kuwaachia katika mashamba ya kabichi ya nyanda za juu za Kenya, yakiwamo ya Taita, nyigu waitwao Diadegma semiclausum waliotoka Taiwan. Nyigu hao walistawi na madhara ya nondo yakapungua. Hata hivyo, ni wadudu wa mahali penye baridi. Mwalimu wa pwani asiwaahidi wanafunzi wake kwamba watawaona.

Nyigu mzima hali vidukari wala viwavi. Huishi kwa maji matamu ya maua, na mdomo wake mfupi hauwezi kufikia chini ya ua lenye shingo ndefu. Kwa hiyo maua yafaayo ni madogo na ya wazi, kama ya giligilani na shamari. Ndiyo sababu bustani iliyopaliliwa hadi ikawa kama uwanja wa gwaride, ambayo wakaguzi wengi huisifu, ni mahali pa njaa kwa nyigu.

Kupanda makao

Mmea ninaoupendelea zaidi kwa kazi hii ni kunde. Kunde huvamiwa mapema na vidukari weusi wanaong'aa, na vidukari hao si wale wa kabichi. Wao hupenda jamii ya mikunde. Mbawakawa huja kuwala, huzaliana hapo, kisha vidukari wa kijivu wanapotokea katika kabichi, walaji wako jirani. Basi zipandwe kunde na giligilani pembezoni mwa tuta wiki nne hadi sita kabla ya kuhamishia miche ya kabichi, ili makao yatangulie na maua yawahi. Zisipandwe karibu na kunde au maharage yanayotegemewa kwa mavuno, kwani vidukari weusi huweza kuyapelekea magonjwa ya virusi.

Wanafunzi watakapoziona kunde zimejaa vidukari, watataka kuzing'oa. Mwalimu asiharakishe kuwajibu. Awape jani moja la kunde na jani moja la kabichi, walinganishe rangi ya wadudu, halafu wajaribu kumhamisha mweusi juu ya kabichi ndani ya chupa na kumtazama kwa siku mbili au tatu. Swali hili peke yake laweza kula kipindi kizima, na ni kipindi kilichotumika vizuri.

Kuhesabu

Yatengenezwe matuta mawili yenye miche 20 kila moja, yakiwa mbali kadiri eneo linavyoruhusu. Moja lizungukwe na kunde na giligilani, jingine liachwe tupu. Mara mbili kwa wiki, asubuhi, kila kikundi kichunguze miche 10 ile ile. Vidukari wasihesabiwe mmoja mmoja, kwani watoto watachoka na kubuni; yatumike makundi: hakuna, 1 hadi 10, 11 hadi 50, zaidi ya 50. Waliovimba wa kahawia, lava, mbawakawa na viwavi wahesabiwe wote. Majina ya kienyeji wanayoyajua wanafunzi yaandikwe pembeni. Mara nyingi bibi zao wana jina la mdudu ambalo kitabu hakina.

Kwa wiki mbili au tatu za mwanzo, matuta yote mawili huweza kuonekana mabaya. Wakati huo ndio mgumu kwa mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, kwa sababu mwalimu mwenyeji anamtazama, na mboga zenyewe zinangojewa jikoni. Kwa hiyo darasa likubaliane mapema: wakifika idadi fulani kwa mche, majani yaliyozidiwa yatakatwa na vidukari watapanguswa kwa vidole, na siku hiyo itaandikwa katika daftari. Wanafunzi wasishike kiuatilifu kwa vyovyote.

Matokeo nayo yaachwe yaseme. Mvua kubwa huwaangusha vidukari, na tuta tupu likaonekana limepona. Sisimizi huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu wanaoutoa, na huwafukuza mbawakawa. Matuta yakikaribiana, mbawakawa huruka kutoka hili hadi lile na tofauti ikapotea. Mwalimu akirekebisha hesabu ili somo lipendeze, amefundisha jambo baya kuliko vidukari. Pia sipendi mazoea ya kuwaita wadudu hawa "marafiki" na wale "maadui". Mbawakawa anakula kwa sababu ana njaa, na vidukari wakiisha ataondoka. Mtoto akilielewa hilo ataelewa pia kwa nini si vema kutaka bustani isiyo na kidukari hata mmoja.

Upimaji

Mtihani usemao "Taja wadudu wanne waharibifu wa mboga" hautaonyesha lolote lililofanyika bustanini. Badala yake, kila kikundi kipewe jani moja lililochumwa asubuhi hiyo, lenye vidukari hai, waliovimba, na ikiwezekana lava mmoja, pamoja na maswali matatu: Nani anakula nini hapa? Wiki ijayo jani kama hili litakuwaje likiachwa shambani? Je, leo ungenyunyiza, na kwa nini? Swali la tatu lisahihishwe kwa sababu iliyotolewa, hata pale mwanafunzi anapojibu kwamba angenyunyiza.