Rejeta Yenye Maji ya Kahawia: Fundi Anajibu

Land Cruiser na Hilux za miaka ya 1990 bado zinapanda milima na kubeba mizigo kwetu, na nyingi zina bloku ya chuma cha kusubu. Ile injini ya dizeli ya 1HZ hata silinda hedi yake ni chuma. Ni injini ngumu, lakini ndani ya njia zake za maji kutu hufanya kazi kimyakimya hadi siku gari linapochemsha mlimani.

Fundi, nimekuta maji ya kahawia kwenye rejeta. Injini imekwisha?

Bado. Subiri injini ipoe kabisa, fungua mfuniko, chovya kidole usugue. Ukipata vumbi laini la kahawia, hiyo ni kutu. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na utelezi wa mafuta, tatizo ni gasketi ya silinda hedi au, kwa gari la otomatiki, kipoza mafuta ya giaboksi kilichomo ndani ya rejeta. Tazama pia mapovu. Yakitoka mfululizo injini ikiwa imewashwa, moshi wa silinda unaingia kwenye maji na kuyatia asidi. Hapo usisafishe chochote kabla ya kutengeneza gasketi.

Nakaa Tanga, hakuna barafu. Kulanti ya nini?

Kuzuia maji yasigande ni kazi yake moja tu. Wewe unanunua dawa za kuzuia kutu zilizomo ndani yake, na pia inachelewesha maji kuchemka. Usiimwage tupu ukidhani ndiyo nguvu zaidi, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Nusu kwa nusu inatosha. Chini ya theluthi moja, dawa haitoshi. Maji yenyewe yasiwe ya kisima cha pwani, maana chumvi yake hula aluminiamu. Tumia maji safi ya kuongezea betri, na soma chupa vizuri: muuzaji huyohuyo ana asidi ya betri kwenye chupa inayofanana.

Rangi haikuambii kitu cha uhakika, kila kiwanda kina yake. Chagua aina moja, soma muda wake (zile za kizamani kwa kawaida ni miaka 2), na usichanganye.

Nimesafisha tena na tena, kutu inarudi. Kwa nini?

Hapa ndipo wengi wanapoteza hela. Kutu inahitaji chuma, maji na hewa. Chuma na maji huwezi kuviondoa. Kilichobaki ni hewa, na karibu hakuna anayeuliza inaingilia wapi.

Anza na mfuniko wa rejeta. Una vali mbili: kubwa inashika presha, ndogo inaruhusu maji yarudi kutoka kopo la akiba injini inapopoa. Ile ndogo ikiziba, mfumo unavuta hewa popote inapopata upenyo. Dalili zake ni mpira wa rejeta kubonyea injini ikipoa, au kopo kujaa huku rejeta ikipungua. Nunua mfuniko wenye namba ileile iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, wala si uliotokea kuingia tu. Halafu kagua klipu za mpira wa chini, upande ambao pampu inavuta. Kiungo cha pale kinaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone.

Nisafisheje?

Injini ikiwa baridi, fungua koki ya rejeta na ile plagi ya ubavuni mwa bloku. Mafundi wengi huiruka hii ya pili, na ndiko tope lote lilikolala. Ikifunguka bila kutoa kitu, chokoa kwa waya. Toa thamostati kwa muda, weka hita kwenye joto, kisha pitisha maji ya bomba kinyume na mwendo wake wa kawaida hadi yatoke meupe. Kutu iliyoganda huhitaji dawa ya kusafishia rejeta. Usikubali asidi ya betri wala soda kostiki.

Wakati wa kujaza, kumbuka kuwa maji matupu yamebaki kwenye bloku na hita. Mfumo wa lita 10 unahitaji lita 5 za kulanti isiyochanganywa: tia hizo kwanza, ndipo umalizie kwa maji.

Baada ya kusafisha limeanza kuvuja. Fundi kaharibu?

Huenda hana kosa. Tundu lilikuwepo, kutu ndiyo iliyoliziba. Angalia vifuniko vya bati vilivyogongewa ubavuni mwa bloku, huliwa kutokea ndani, pamoja na pampu ya maji. Unga wa manjano au ute wa yai utakufikisha gereji, lakini huziba pia vijia vya rejeta na hita.

Fundi wangu ametupa thamostati akisema huku ni joto.

Irudishe. Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hulika haraka. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi.

Maji ya zamani nimwage wapi?

Si uani. Kulanti ni tamu, na mbwa au mtoto akiinywa inaweza kumuua. Yaweke kwenye dumu lenye kifuniko na alama, mbali na madumu ya maji ya kunywa, kisha ulizia gereji inayopokea mafuta machafu kama itayachukua.