Mikono Yetu: Baina ya Udhu na Sabuni



Wanafunzi wapenzi, nyote mmehifadhi sunna za udhu, na ukimuuliza hata mtoto wa darasa la kwanza atakwambia kuosha viganja mara tatu kabla ya kusukutua. Basi tuanzie hapo. Amepokea Abu Hurayra (R.A.), katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) amemkataza anayeamka usingizini kutia mkono wake chomboni kabla ya kuuosha, kwa kuwa hajui mkono huo umelala wapi. Wanavyuoni wetu wa madhhab ya Imam Shafi wamesema kuutia kabla ya kuosha ni karaha. Sisemi Hadithi hii imekuja kutufundisha udaktari. Imekuja katika mlango wa tahara. Lakini tazameni sababu iliyotajwa: hajui. Mkono unaweza kuonekana safi na usiwe safi.

Hapa ndipo wengi wetu, wakubwa kwa wadogo, tunapochanganya mambo. Mtu anatoka chooni, amestanji vizuri, amejimwagia maji mkononi, anasema, "Mimi nishatoharika." Kwa swala ni kweli. Fiqhi inatazama rangi, harufu na ladha ya najisi, vikiondoka, pametoharika. Lakini vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuharisha, pamoja na mayai ya minyoo, havina rangi wala harufu. Vinabaki katika mikunjo ya viganja na chini ya kucha, na maji matupu huviacha vingi. Kwa swala umetoharika, kwa tumbo la mdogo wako bado.

Sabuni inafanya nini? Vijidudu hushikana na mafuta ya ngozi. Chembe ya sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, kwa hiyo huyang'oa mafuta pamoja na uchafu wake, na maji yanayotiririka huvichukua vyote. Ndiyo maana kusugua ni lazima, kwa muda wa sekunde 20 hivi: viganja, migongo ya mikono, vidole gumba (husahauliwa sana) na ncha za kucha. Baina ya vidole hamhitaji kufundishwa, ni takhlili ile ile ya udhu. Na kucha zikatwe. Anas (R.A.) amepokea kuwa zisiachwe kupita siku 40, na huo ni mwisho, si miadi ya kungojea!

Jambo hili si dogo. Mjini Vienna mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliona wanawake waliojifungua wakifa kwa homa, takriban 18 katika kila 100 mwezi wa Aprili. Akawaamrisha madaktari waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini. Kufikia Juni walikuwa wakifa takriban 2 katika 100. Kwetu Tanzania, kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 Dar es Salaam kilifika mpaka Zanzibar. Nyumba iliyowahi kuuguza maradhi hayo haihitaji kusimuliwa.

Wazazi, nina neno juu ya karamu zetu. Zamani alipita kijana na birika na beseni, kila mtu akamiminiwa maji mkononi. Siku hizi katika khitma nyingi bakuli moja la maji linapitishwa, na watu kumi wanachovya humo kisha wote wanaingia sinia moja ya pilau. Wa kumi ananawa uchafu wa tisa. Turudisheni birika, na pembeni yake pawe na sabuni. Baada ya kunawa, msijifutie kanzu.

Chooni na kabla ya kula, ndizo nyakati mbili nisizozisamehe. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita 5, tundu dogo karibu na mdomo wake lililotobolewa kwa msumari wa moto, likatundikwa kwenye mti, na kamba iliyofungwa mdomoni ikashuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama. Hakuna mkono unaogusa kitu ila sabuni.

Mwanafunzi mmoja aliuliza: je, sabuni haiharibu udhu? Haiharibu. Anza na sabuni, suuza mpaka povu liishe, kisha tia nia na uanze udhu wako kwa maji matupu. Maji yaliyogeuzwa sana na sabuni ni tohara, lakini hayatoharishi, kwa hiyo usiyatumie kwa udhu wenyewe.