Ujazo: Somo la Darasa la Sita Mwezi Huu na Maji ya Nyumbani Kwako

Mwezi huu wanafunzi wa Darasa la Sita katika shule za msingi za kata yetu wanajifunza ujazo katika somo la Hisabati. Mzazi atakayefungua daftari la mwanawe atakuta michoro ya maboksi na mapipa, na chini yake safu ndefu za namba. Huenda akalifunga akisema kuwa hayo ni mambo ya shule. Ndugu mkazi, twakuomba usilifunge upesi, kwa kuwa hesabu hizo ndizo zilizomo katika ankara yako ya maji, na ndizo zinazoamua ukubwa wa tangi unaloombwa kulichangia.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mtoto amefundishwa kwamba boksi lenye urefu, upana na kimo cha sentimita 10 huchukua lita 1 ya maji. Sasa na awaze boksi kubwa ambalo urefu, upana na kimo chake ni mita 1. Sakafuni mwake vitaenea vijiboksi 10 kwa 10, yaani 100, na tabaka za namna hiyo zitapandana 10 hadi juu. Jumla ni vijiboksi 1,000. Kwa hiyo mita 1 ya ujazo ni lita 1,000. Wengi wetu, wakubwa kwa wadogo, hudhani kuwa ni lita 100 kwa kuwa mita ina sentimita 100. Mwulize mwanao akuonyeshe kwa nini sivyo. Akiweza kukueleza, somo limemkaa.

Mita hiyo moja ya ujazo ndiyo iitwayo uniti katika ankara. Dira ya maji haihesabu ndoo, bali uniti moja ni sawa na ndoo 50 za lita 20. Kaya ya watu watano iliyotumia uniti 6 kwa siku 30 imetumia lita 6,000, yaani lita 200 kwa siku, au ndoo mbili kwa kila mtu. Mama mwenye nyumba anajua bila daftari iwapo ndoo mbili kwa mtu ni kweli au si kweli. Namba ya ankara ikiwa mbali mno na mazoea ya kaya, yafaa kutazama kama dira imesomwa sawasawa, na kama hakuna bomba linalovuja.

Kuhusu kuvuja, watoto wamepewa jaribio rahisi. Kinga kikombe cha robo lita chini ya bomba linalodondosha, uangalie saa. Kikijaa kwa dakika 10, bomba hilo linamwaga lita 1 na nusu kwa saa, lita 36 kwa siku, na lita 1,080 kwa siku 30. Hiyo ni zaidi ya uniti nzima, na mpira wa bomba ni kitu kidogo kubadilisha.

Kwa wanaonunua maji kwa ndoo, hesabu ni ile ile ikianzia upande wa pili. Tuseme ndoo inauzwa shilingi 50. Ndoo 50 zitagharimu shilingi 2,500, nayo ndiyo bei unayolipa kwa uniti moja. Linganisha na bei ya uniti iliyoandikwa kwenye ankara ya jirani mwenye bomba, ndipo uende kwenye mkutano wa watumia maji ukiwa na namba mkononi.

Sehemu ya somo inayowasumbua watoto zaidi ni mcheduara, yaani umbo la pipa au tangi la mviringo. Kanuni ni kuzidisha nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, kisha kwa 22/7, kisha kwa kimo. Mimi niandikaye nimefundisha kanuni hii kwa miaka mingi, na sina budi kukiri jinsi ilivyowahi kuniaibisha.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mbali na wilaya hii, kamati ya shule iliniomba nikadirie tangi la kuvunia maji ya mvua. Upana wake ungekuwa mita 2.8 na kimo mita 2. Nilikokotoa nikiwa nimesimama chini ya mwembe, nikatangaza lita 49,280. Wazazi walifurahi, wakachanga, tangi likajengwa. Shule ilikuwa na wanafunzi 300. Kwa lita 1 kila mmoja kwa siku, tulitegemea maji ya siku 164. Tangi lilijaa wakati wa masika, likakauka baada ya siku 41.

Maneno yakaanza. Wengine walisema fundi alipunja saruji na tangi linavuja. Wengine wakamtaja mlinzi kuwa anauza maji usiku. Fundi yule, mtu mwaminifu, alikosa kazi kijijini kwa miezi kadhaa, nami nilikuwa miongoni mwa waliomtilia shaka.

Mwaka uliofuata nililitoa tangi lile kama zoezi darasani. Mwanafunzi mmoja wa kike aliandika lita 12,320, nami nikamwekea kosa kwa wino mwekundu. Alinifuata ofisini, akaniamkia, akasema, "Mwalimu, naomba unielekeze nilipokosea." Nilianza kumwelekeza, na nilipofika mstari wa pili nikanyamaza. Nilikuwa nimezidisha kipenyo kwa kipenyo. Yeye alichukua mita 1.4, akaizidisha kwa yenyewe akapata 1.96, kwa 22/7 akapata 6.16, na kwa kimo cha mita 2 akapata mita 12.32 za ujazo. Kosa langu huongeza jibu mara nne, daima, bila kujali tangi ni kubwa au dogo. Nilifuta alama nyekundu, na jioni ile nikaenda nyumbani kwa fundi. Mkutano wa wazazi ulifuata, nao haukuwa mwepesi.

Ndiyo maana nawasihi wajumbe wa kamati za shule na za vitongoji: kabla ya kupitisha mchango wa tangi, mpeni mtoto wa Darasa la Sita vipimo vyake akokotoe mbele yenu.

Wiki ya mwisho ya mwezi wanafunzi wataleta nyumbani zoezi la kupima paa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye bati linalofunika mita 8 kwa mita 6 ina mita za mraba 48, na mvua ya milimita 10 huishushia lita 480, yaani ndoo 24, ingawa sehemu fulani hupotea kwa kuruka nje ya gata. Vipimo huchukuliwa chini, kwa kufuata kivuli cha paa mchana wa jua la utosi. Hakuna haja ya mtoto kupanda juu. Mshikie ncha ya pili ya futi kamba, na umpatie ankara ya mwezi uliopita, kwani mwalimu ataihitaji kwa swali la tatu.